Msalaba Uliorudi Bunia

Saa kumi na dakika kumi alasiri, siku ya Jumamosi, injini ilizimwa mita arobaini kutoka mti wa kwanza wa msitu. Baudouin aliiandika saa hiyo katika daftari la safari, akaongeza umbali: kilomita mia moja na kumi na tatu tangu uani kwake, mtaa wa Bigo, Bunia. Kisha akashuka, akalizunguka basi, akagusa kila tairi kwa kiganja.

Basi lilikuwa kazi ya mikono yake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkuu wa madereva katika shirika moja la misaada mjini, na alipostaafu alinunua basi dogo bovu lililokuwa limesahaulika nyuma ya gereji. Aling'oa viti, akachomelea vitanda vinne vya bomba, akafunga jiko la gesi, tangi la maji na mapazia. Jirani yake Médard alikuja kila jioni kuegemea ua na kutoa maoni, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Papa Plamedie, sasa hii nyumba yako, ukigombana na jirani unawasha tu moteri unahama?"

"Nikigombana na weye, ndiyo."

Bomba la kitanda cha nne lilibaki mita mbili. Kwa bomba hilo Baudouin alichomelea msalaba, akaupaka rangi nyeupe, akaandika jina: MUMBERE. Ulikuwa wa mama mkwe wake, Mama Kanyere. Kijiji chake kilikuwa ng'ambo ya Komanda, pale msitu unapoanza, na huko ndiko alikomzika Mumbere, mwanawe wa kwanza, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka kumi na mmoja. Alisimika vijiti viwili vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba. Mwezi uliofuata vita vilifika, akakimbilia Bunia kwa miguu na binti yake Clarisse mgongoni. Hakuwahi kurudi. Clarisse alikua, akaolewa na Baudouin, akamzaa Plamedie, na vijiti vile bila shaka vilikuwa vimeoza zamani. Safari ilikuwa ya siku tatu. Plamedie angeona msitu, Clarisse angepumzika, lakini sababu yake ilikuwa ni msalaba. Bibi alisafiri nao mapajani njia nzima.

Waliegesha katika uwanja wa misheni, kwa ruhusa ya padri. Mama Kanyere alishuka wa mwisho, akasimama akitazama upande wa magharibi.

"Baudouin, kaburi iko pale tu, nyuma ya ile kilima. Kilomita mbili. Naenda na miguu, narudi mbele ya giza."

"Hapana, Mama. Ikipita saa tisa hakuna mutu anatembea na miguu. Ni sheria."

"Sheria ya nani? Ile kazi si ulishaacha?"

Plamedie alicheka, akaziba mdomo. Baudouin hakucheka. Sheria hiyo alikuwa ameiandika mwenyewe, na katika miaka kumi na tisa hakupoteza gari wala mtu hata mmoja.

"Kesho, saa mbili ya asubui. Mimi mwenyewe nitakupeleka."

Bibi alimtazama kidogo, akaulaza msalaba sakafuni kati ya vitanda.

"Sawa. Mumbere haiko na haraka."

Jioni ile ilikuwa njema. Clarisse alipika sombe, majani ya muhogo, kwa samaki, Plamedie akahesabu aina saba za ndege, na bibi akasimulia jinsi Mumbere alivyokuwa akiiba asali na kusingizia nyuki wenyewe. Walicheka mpaka kifuniko cha sufuria kikaanguka. Hayo nayo yamo katika ukweli wa safari ile, ingawa daftari halina mstari wa kuyaandikia.

Jumapili, saa moja na dakika ishirini na tano asubuhi, ilisikika milipuko miwili kutoka barabarani.

Amri ilimtoka Baudouin kabla ya wazo: "Ndani! Wote!" Sheria ya pili ilisema ondoka kwanza, uliza baadaye. Chai ilikuwa bado motoni, ikabaki motoni. Mama Kanyere alikuwa tayari amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu vilivyofungwa. Alisema neno moja tu, "Baudouin," naye akamshika kiwiko akampandisha. Dakika kumi na moja baadaye walikuwa barabarani kuelekea Komanda, mbio, na msalaba ukigongagonga sakafuni katika kila shimo.

Kuna jambo ambalo Baudouin hajamwambia mtu. Tairi linapopasuka, nyuma ya kishindo hufuata mfoko wa hewa, kama mtu anayepuliza makaa. Amewasikilizisha vijana wengi gerejini wapate kutofautisha. Asubuhi ile mfoko ulikuwepo, mara mbili. Aliusikia.

Saa tatu na dakika tano walikuwa kwenye foleni ya kizuizi cha Komanda. Saa nne kasoro dakika tano lori la mbao liliwasili nyuma yao likichechemea, magurudumu mawili ya nyuma yakiwa yamebaki vyuma vitupu. Dereva wake, mtu mnene aliyeitwa Blanchard, alishuka akijifuta jasho, akalitambua basi.

"Eh, muzee! Ni weye ulikimbia tairi zangu? Nilikupigia honi, ukaongeza mwendo! Nikasema, huyu papa amebeba bibi arusi wa wenyewe!"

Wauza ndizi walicheka. Askari wa kizuizi alicheka. Hata Clarisse alitabasamu, kwa faraja zaidi kuliko mzaha, akamgusa mumewe bega.

"Basi turudi. Saa iko mingi."

Ilikuwa kweli. Kilomita thelathini na nane, chini ya saa mbili. Wangefika kabla ya saa sita, wakasimika msalaba, na saa tisa ingewakuta wamekaa wanakula. Baudouin alipiga hesabu hiyo kwa usahihi. Alipiga pia hesabu ya nyuso zilizokuwa zikimtazama ageuze basi, na Blanchard aliyekuwa bado anacheka. Mama Kanyere alikuwa ameuinua msalaba, ameuweka tena mapajani. Hakuomba. Alingoja.

"Programu imeshabadilika," Baudouin alisema. "Tutarudi mwezi kesho. Tutajipanga muzuri."

Mama Kanyere aliurudisha msalaba sakafuni. Alifanya hivyo polepole, bila kelele ya chuma.

Jumatano iliyofuata barabara kati ya Komanda na misheni ilifungwa kwa sababu ya mapigano, safari hii ya kweli. Haikufunguliwa mwezi uliofuata, wala ule uliofuata huo. Padri alihama. Wakulima waliokuja Bunia walisema upande wa kilima hakuna tena njia. Nyasi zimepita kimo cha mtu. Katika daftari, chini ya safari ile, mahali pa maelezo, Baudouin aliandika: "Imesitishwa. Usalama." Baadaye alilikata neno la pili kwa mstari mmoja. Hakuandika jingine badala yake.

Basi limekaa uani Bigo miezi kumi na minne. Kila Jumamosi asubuhi Baudouin huliwasha, betri isife.

Jumamosi iliyopita aliliwasha saa kumi na mbili na dakika ishirini. Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Mama Kanyere alitoka amevaa kitenge cha kanisani, viatu vimefungwa, mkoba mkononi. Alipanda kwa shida, akavuta msalaba kutoka chini ya kitanda, akaketi mahali pake.

Baudouin aligeuka kwenye usukani.

"Mama, barabara ingali imefungwa."

"Najua. Mimi pia niko na radio."

"Ni batri tu naipa moto."

"Najua, mutoto wangu. Acha moteri ilie."

Akaiacha. Ng'ambo ya ua Médard alisimama na mswaki mdomoni, akawatazama, akarudi ndani kwake.

Saa moja kasorobo Baudouin alizima injini. Mama Kanyere hakushuka.