Narekebisha, Wifi

Siku Breki alipogeuzwa kuwa stika alikuwa kazini, ameketi pembeni mwa mwanafunzi, mguu juu ya ile breki ya pili ambayo magari ya shule ya udereva huwekewa ili mwalimu asife kabla ya siku zake. Mwanafunzi alikuwa akiingia kwenye mzunguko wa barabara huku macho yamemtoka pima. Simu ikatetemeka mapajani, ikatetemeka tena, ikawa haitulii. Breki akamsimamisha mwanafunzi kando ya barabara, akamwambia vuta pumzi mama, kisha akaifungua.

Ulikuwa mkono wake. Walikuwa wameukata kutoka kwenye picha ya fainali, pamoja na saa yake na rangi ya kucha iliyobanduka kwenye kidole gumba, ukielea juu ya malkia mweusi. Chini yake maandishi mekundu: NAREKEBISHA. Katibu wa klabu yao ya chesi alikuwa ametangaza kwenye kundi la simu mkutano wa saa tatu, akajisahihisha kuwa ni saa nne, na mtu akamtupia ule mkono. Kundi zima likacheka mbavu hazina hali. Tangu hapo ikawa ndiyo mtindo. Ukikosea herufi, unatupiwa mkono. Ukiahirisha jambo, mkono.

Asiyejua chesi atauliza mkono umekosa nini. Klabu yao ilikuwa na sheria moja iliyobandikwa ukutani kwa herufi kubwa: kete ukiishika, utaicheza. Huna cha kusema nilidhani, huna cha kusema nilipitiwa. Ila kama kete imekaa upande na unataka tu kuinyoosha ndani ya mraba wake, unatangulia kusema "narekebisha", unainyoosha, unatoa mkono, maisha yanaendelea. Kwenye fainali ya mwaka uliopita Breki alimshika malkia wake aliyekuwa amekanyaga mstari, na alisema narekebisha. Hilo tulishike mapema, maana huko mbele hakuna atakayelishika. Alisema kwa sauti ya chini, lakini alisema.

Aliyekaa mbele yake akainua mkono. "Refa! Kamshika malkia."

Wala hakuwa mtu baki. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe wa tumbo moja, mwenye duka la miwani, na klabuni walishamwita Miwani kama walivyomwita mwenzake Breki. Damu zao hazikuwahi kupatana. Tangu Breki aolewe, Miwani alikuwa akimsifia kaka yake mbele za watu kwa "kuvumilia", bila kusema anavumilia nini.

Refa, karani mstaafu wa posta, alikuwa mtu wa haki, lakini sikio lake la kushoto lilishafunga ofisi zamani, na siku hiyo alikuwa amekaa kwa upande wa sikio hilo hilo. Akamgeukia Miwani. "Alisema?"

"Sikusikia."

Basi. Malkia akalazimishwa kwenda asikotaka, akaliwa, mchezo ukaisha. Kombe likapanda gari la Miwani, na kile kiti kimoja cha mwanamke kwenye timu ya kusafiri kikawa chake.

Yangeishia pale tungesema ni mchezo. Lakini Miwani alikuwa na ukurasa wake mtandaoni, anachambua michezo ya klabu kila wiki, na una wafuasi hata miongoni mwa watu wasiojua farasi anatembeaje. Wiki ile aliandika: "Wapo wanaocheza kwa akili, na wapo wanaocheza kwa vidole." Breki akamjibu hadharani, chini ya andiko lile lile: "Wapo wanaouza miwani ilhali kinachowasumbua ni masikio." Hapo ndipo walipovuana nguo. Ikawa kila mchezo wa Breki, hata ule wa mazoezi na mtoto wa shule, unachambuliwa kete kwa kete: hapa kachelewa, hapa kaogopa, hapa mguu uko kwenye breki kama kawaida yake. Breki naye hakulala. Aliwahi kuandika kwamba mtu akitaka kuona mbali asinunue miwani duka lile, maana mwenye duka haoni zaidi ya pua yake. Wateja wawili watatu waliacha kwenda dukani, na Breki akafurahi, tena hakujificha.

Aliyelipa gharama ni mume wa Breki, fundi wa friji, mtu mpole asiyejua hata kupanga kete ubaoni. Alikwenda kwa dada yake kumwomba afute lile andiko la kwanza.

"Nifute nini?" Miwani akamuuliza. "Ukweli?"

"Mke wangu hawezi kusema uongo kwa ajili ya kidude cha plastiki."

"Basi mimi ndiye muongo, kaka?"

"Mimi nimesema ninavyomjua mke wangu."

Hakukanyaga tena pale. Kwa mama yao wakawa wanakwenda kwa zamu, mmoja akisikia mwenzake yupo anageuza njia. Mtoto wa Miwani alipomaliza shule, mjomba alituma zawadi kwa mkono wa jirani. Breki aliyaona yote hayo na moyo ukimuuma, lakini chini ya maumivu kulikuwa na utamu: yupo mtu mmoja duniani anayeamini kwamba alisema.

Kwenye mkutano mkuu alisimama na kudai kila fainali irekodiwe. Si picha tu, na sauti. "Tumechoka kuhukumiwa na masikio ya watu," alisema, akimtazama mtu mmoja tu. Wa kwanza kunyoosha mkono kuunga hoja alikuwa Miwani. Klabu ikanunua stendi ya kushikilia simu juu ya ubao, na kinasa sauti kidogo cha kubana pembeni mwa meza, hapo katikati ya wachezaji. Breki alikwenda nyumbani siku ile akitembea kwa madaha.

Ndipo tunafika fainali ya mwaka huu, na waliofika mwisho ni wale wale, kana kwamba klabu haina watu wengine.

Ukumbi wao ulikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na watu, na kila baada ya muda bati lilikuwa likikatwa huko chini, meno yote ukumbini yakisisimka. Asubuhi hiyo Miwani alikuwa ameandika kwenye kundi: "Leo vidole vifungwe kamba." Mikono ikamiminika, stika juu ya stika. Alipopanda ngazi, Breki alikuwa amejihesabia kuwa ndiyo mara yake ya mwisho kuchekwa. Akishinda leo, kiti cha timu ni chake, na atakayemwita mdanganyifu atabaki kuambiwa ana wivu. Walipeana mikono kwa sababu sheria inataka, kila mmoja akapangusa wake kwenye nguo.

Na kusema kweli Miwani alicheza vizuri siku ile. Alimbana Breki kidogo kidogo upande wa mfalme, bila papara, huku anasafisha miwani yake kwa kitambaa kila anapongoja, tabia iliyokuwa ikimkata Breki maini. Watu walisimama nyuma ya kamba. Breki aliinama juu ya ubao, mikono mashavuni, akimtafutia mfalme wake pa kujificha.

Hapo ndipo Miwani alipogusa farasi wake kwa kidole, na kusema taratibu, "Narekebisha, wifi."

Hilo wifi lilimtoka tu. Alikuwa hajamwita hivyo tangu ugomvi uanze. Na Breki, macho kwa mfalme, akili kwa mfalme, mdomo wake ukajibu wenyewe, jinsi mdomo wa mtu aliyelelewa vizuri unavyomjibu anayeomba kupita. "Haya," alisema. Wala hakujua kama amesema.

Miwani akamnyoosha farasi, akatoa mkono, akafikiri kidogo, kisha akasogeza ngome.

Breki akainua macho, na kwa mara ya kwanza akauona ubao mzima. Farasi yule ndiye aliyekuwa ameshikilia kila kitu. Angeondoka pale kwenda popote, ukuta wote wa Miwani ungeporomoka. Na alikuwa ameguswa. Breki aliona kidole kikimgusa, alikumbuka kidole vizuri sana. Ule mkono wa stika ukamjia, zile nyuso za kucheka, mama mkwe akiuliza kwa nini wanangu hawaji pamoja, kitambaa cha miwani kikizunguka kwenye kioo. Mkono wake ukapanda juu.

"Refa! Kamshika farasi, kacheza ngome."

Refa akaja anaburuta kiti, mwaka huu amejitahidi kukaa upande mzuri lakini kelele za bati la chini zilikuwa zimemfunika. Akamgeukia Breki, akauliza lile swali lake. "Alisema?"

"Sikusikia."

Lilimtoka kwa utulivu, na kwa nukta moja lilimpendeza. Hakuna aliyejua namna neno hilo lilivyokuwa limekaa kooni mwake mwaka mzima.

Miwani hakupiga kelele. Alivua miwani, na bila miwani uso wake ulifanana mno na wa kaka yake. "Wifi," alisema. "Si umenijibu?"

"Nimekujibu nini?"

"Umenijibu, jamani. Nimesema, ukanijibu."

"Sikusikia kitu mimi," Breki akasema, na safari hii sauti ilipanda. Refa alikuwa ameshageuza shingo kutazama pembeni mwa meza. Breki akafuata macho yake, akakiona kile kinasa sauti kidogo alichokipigania mwenyewe, kimebanwa karibu na kiwiko chake. Alikumbuka sasa, si narekebisha tu, alikumbuka na mdomo wake mwenyewe ukijibu. Palikuwa bado na nafasi ya kusema samahani, nilikuwa mbali kimawazo. Mtu mwingine angesema. Yeye alitazama zile nyuso nyuma ya kamba, akafunga mdomo.

Refa akasimamisha saa. Kijana wa mitambo akakichomoa kinasa sauti, na kwa sababu ya sikio la refa ikabidi akiunganishe na spika kubwa ya ukumbi. Ilianza kelele ya bati. Kiti kikakwaruza, mtu akakohoa. Kisha sauti ya Miwani, ya chini lakini safi: "Narekebisha, wifi."

Na ya Breki, nene, ya karibu, imejaa ukumbi mzima: "Haya."

"Rudisha," refa akasema, kiganja nyuma ya sikio zima.

Kijana akarudisha. Haya. Refa akataka tena, na mara hii watu walikuwa wanacheka hata kabla ya kufika. Breki alikaa wima akitazama ubao. Refa, ambaye hakupenda maneno mengi, alimlaza mfalme wa Breki kwa kidole, ishara kwamba ameshindwa, na hakusema narekebisha.

Kwenye ngazi mtu alimpisha mno, akijibana ukutani asiguswe. Alipofika mlangoni simu ilikuwa inawaka moto. Hawakutumia mkono tena, walikuwa wamepata kizuri zaidi: sauti yenyewe, imekatwa fupi. Katibu anauliza nani atafunga ukumbi, anajibiwa na sauti ya Breki, haya. Mtu anatakia watu jioni njema, haya. Ukurasa wa Miwani ulikuwa kimya, hakuandika hata nukta. Lakini kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mwanamke mtu mzima, aliyemtetea Breki mwaka mzima, aliyetukanwa na watu kwa ajili yake. Yeye aliandika sentensi moja: "Kumbe hata ile ya mwanzo."

Breki alisimama katikati ya mifuko ya saruji akaisoma. Alianza kuandika hapana, ile ni kweli, ile nilisema kabisa. Akalitazama hilo kabisa. Akafuta.

Nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Mumewe alikuwa uani, amepindua friji ya mteja, bisibisi mdomoni. Simu yake ilikuwa juu ya kibao, kioo bado kinawaka. Hakuinuka.

"Nimeisikiliza," alisema, akatoa bisibisi.

"Nilikuwa na hasira."

"Mm."

"Alinitukana asubuhi mbele ya watu wote. Wewe humjui dada yako."

"Namjua," mumewe akasema. "Mwaka mzima sijamwona, lakini namjua." Akachukua kitambaa, akaanza kujifuta grisi, kidole baada ya kidole. Alichukua muda mrefu kwenye kidole gumba. "Mke wangu. Ile ya kwanza. Ulisema, au hukusema?"

Breki akapiga magoti pale pale uani, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu, akamshika mikono pamoja na grisi yake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyajali. Katika maisha yake yote hakuwahi kusema jambo la kweli kuliko hilo. "Nilisema. Haki ya Mungu nilisema. Nilisema narekebisha, akanisikia, akakataa. Nilisema, baba."

Mumewe akaitoa mikono yake taratibu, akainuka.

"Haya," alisema, akaingia ndani kutafuta viatu vya kwendea kwa dada yake.