Kibodi ya Wifi

Nimechoka na kompyuta hii, na nimechoka zaidi na wifi yangu. Asubuhi yeye hukaa mezani akitafsiri Kifaransa, mchana mimi huandika ripoti zangu, na sharti letu ni moja tu: anayemaliza airudishe kibodi ilivyokuwa. Wifi hajairudisha hata siku moja. Huiacha kwenye mpangilio wa Kifaransa: nikibonyeza A inakuja Q, nikitaka M napewa mkato. Basi nateremka hadi kona ya chini ya skrini, nabadilisha lugha, nafuta upuuzi wote na kuanza upya huku nimenuna.

"Wifi, kuirudisha kunakupunguzia nini?"

"Jamani, si kubonyeza mara moja tu? Unakuza mambo."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Mama yetu alikuwa mpiga taipu maisha yake yote. Sasa ana mtoto wa jicho, herufi hazioni, lakini vidole havijasahau. Jumapili aliniomba nimfungulie barua pepe amwandikie mjomba, mdogo wake, aliyenuniana naye tangu mirathi ya babu. Simu zake mjomba hapokei. Nikaweka anwani, nikamuuliza kama nimwandikie.

"Ya kwangu na ndugu yangu nitayaandika mwenyewe," alisema. "Na ukija kutuma, usisome. Barua ya mtu haisomwi."

Alichapa muda mrefu, kichwa juu, kama anayemsikiliza mtu. Aliponiita nikatuma huku nimegeuzia uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

Tangu hapo ikawa kila jioni, "Amejibu?" Hajajibu. Kisha akaacha kuuliza.

"Nimemwomba radhi, amekataa," aliniambia akikunja nguo. "Sitamsumbua tena." Shati lile lile alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Hapo nikavunja amri, nikaifungua ile barua. *Nisq,ehe ndugu yqngu*, ndivyo ilivyoanza, na ikaendelea hivyo hivyo hadi chini.

Nikamwita wifi. Alisoma mstari mmoja akakaa kitini.

"Ni mimi," alisema.

Sikumwonea huruma. Nilimtolea yote niliyoyaweka rohoni tangu kaka alipomwoa, mpaka ya masufuria. Aliniacha nimalize.

"Na wewe uliyemfungulia," aliuliza polepole, "hukuitazama kona?"

Sikuitazama.

Tulikuwa bado tunasukumana nani aende kumwambia mama, mlango ukagongwa. Alikuwa mjomba, kaongeza mvi na kapungua mwili, mkononi ana karatasi iliyochapwa. Alitupita sote akaenda moja kwa moja hadi alipoketi mama.

"Dada," alisema, "simu zako sikupokea kwa sababu nilijua utakachosema. Hii sikujua. Nimewaonyesha watu, kila mmoja anatikisa kichwa. Wiki nzima sijalala vizuri kwa ajili yako. Umeandika nini?"

Wifi akafungua mdomo aeleze. Nikamkanyaga mguu.

Mama aliinyoosha karatasi mapajani, akaipapasa kwa kiganja. Alikuwa ameiweka juu chini. Mjomba akaona hilo, akamtazama machoni, akachuchumaa mbele yake.

"Imeandikwa," mama alisema, "nisamehe, ndugu yangu."