Sahani za Mama Idi

Tangu mkewe Khadidja afariki, Twahiru aliweza kupitisha siku nzima bila kumsemesha mtu. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu hata kazi yake haikuhitaji mdomo. Aliendesha winchi pale Bandari ya Bujumbura. Alikaa juu, peke yake, katika kibanda cha vioo, na wapagazi wa chini walimwongoza kwa mikono: kidole kikizunguka, inua; kiganja kikitazama chini, shusha taratibu; ngumi, simama hapo hapo. Yeye aliwajibu kwa dole gumba. Kati ya mzigo na mzigo alivuta sigara, akautazama moshi ukihangaika kwenye kioo kama mgeni aliyepotelewa na mlango.

Nyumbani Buyenzi alikula kile kilicholika kwa kusimama: mkate, chai ya sukari nyingi, ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga wa njiani. Khadidja hakuwa akikubali siku ipite bila majani, sombe ya muhogo au mchicha wa lengalenga, na papai la kumalizia. Alipoondoka, vyote hivyo viliondoka naye. Ilibaki sigara, nayo ikaongezeka, maana jioni mikono inataka kitu cha kushika.

Si kwamba alitupwa. Baada ya arobaini, jirani yake Mwanne, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Idi, alimletea sahani ya chakula karibu kila jioni, imefunikwa kitambaa. Twahiru alikula, akaosha sahani, akaiweka kabatini. Hapo ndipo alipokwama. Buyenzi mtu hamrudishii jirani sahani tupu. Khadidja alikuwa akitia sambusa, au ndizi, au hata sukari kidogo kwenye karatasi. Twahiru hakujua kupika cha kutia, na kumpelekea Mwanne maandazi ya dukani, mpishi kama yule, aliona ni kumtukana. Akasema kesho. Sahani zikapandana kabatini, mpaka jioni moja hakuja mtu. Hakumlaumu. Labda hakubakiwa na sahani ya kuwapakulia wa nyumbani kwake. Tangu hapo aibu ilimpitisha mlangoni pale mbiombio, akisalimu kwa kuinua mkono.

Hata binti yake Soumaya, aliyeolewa Kigoma, alikuwa akijibiwa kwa mkono. Yeye alituma ujumbe mrefu wa sauti. Baba alirudisha picha ya dole gumba. Sikukuu ya Idi tu ndipo Twahiru alipoona haya, akabonyeza simu, akasema maneno ya heri.

Jibu lilirudi upesi. "We ni nani? Umupatie baba simu yake, tafazali."

Alidhani anataniwa, akarudia. Soumaya akapiga. Alipomsikia akaanza kulia.

"Baba, sauti yako iko wapi? Iko hivi tangu lini?"

Twahiru hakujua tangu lini, na hilo ndilo lililomchoma. Sauti yake ilikuwa imeharibika ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Hospitalini alikotumwa na Soumaya, Daktari Candide, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimpitishia puani mpira mwembamba wenye taa, akachungulia kooni.

"Mzee, unavutaka?"

"Kidogo."

"Kidogo ya nani?"

"Ya mutu wa winchi."

Daktari hakucheka. "Na pombe?"

"Apana. Mi ni Mwislamu."

"Unakulaka nini?"

Twahiru alimweleza kuhusu mkate na chai. Daktari akavuta kiti karibu.

"Kuko kitu pale sauti inatokea. Siwezi sema ni kansa, siwezi sema si kansa, mpaka tutoe kipande tupime. Lakini sigara ndiyo inaletaka sana kansa ya koo na ya kinywa. Mutu anakula majani na matunda, hatari inapungua kidogo. Inapungua, mzee. Haifuti sigara. Tumeelewana?"

"Ndiyo."

"Juma ijayo tutakupa dawa ya usingizi. Uje na garde-malade."

"Sina mutu."

"Nani atakaa kando ya kitanda? Nani atakuletea chakula? Kila mutu iko na mutu. Utafute."

Njiani Twahiru alinunua papai na fungu la lengalenga. Katika maneno yote ya daktari alikuwa ameokota yale yaliyomfaa. Alichemsha majani bila chumvi, akala mpaka akamaliza, akala na papai, kisha akawasha sigara kwa moyo mweupe wa mtu aliyekwisha kulipia kosa lake. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Soumaya, aliyekuwa na mtoto mchanga na hakuweza kuvuka naye ziwa, aliuliza kama amepata wa kumsindikiza. Twahiru akamtumia dole gumba. Moyoni alikuwa ameshaamua haendi. Angeingia vipi pale, wenzake wote na watu wao, yeye na mfuko wake tu?

Siku mbili kabla ya ile siku ya hospitali, saruji ilikuwa ikishushwa, na mpagazi mmoja akarudi nyuma akicheka na wenzake, mpaka chini ya mzigo uliokuwa ukining'inia. Twahiru alifunga breki. Mzigo ukayumba. Akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

Haikutoka sauti. Ilitoka pumzi tu, kama ya tairi.

Mwenzake alimvuta yule kijana kwa shati. Wakacheka, wakamwinulia Twahiru dole gumba. Yeye hakuweza kuwajibu. Sigara ilikuwa bado inawaka kati ya vidole vyake.

Jioni ile alifungua kabati, akazibeba sahani zote kifuani, akaenda kusimama mlangoni kwa Mwanne.

"Baba Soumaya!" Mwanne alikuwa barazani akichambua mchele. "Mi nilizani umeuza sahani zangu Uvira!" Akachungulia ya juu. "Tupu?"

"Tupu, Mama Idi. Sikujua nitie nini."

Mwanne akaacha mchele. "Hiyo sauti umeitoa wapi?"

Twahiru alimweleza yote, kwa ile pumzi iliyobaki: koo, sigara, siku ya hospitali. Kisha akatoa pakiti mfukoni, akaiweka juu ya sahani. "Sina mutu wa kunisindikiza."

Mwanne aliitazama pakiti, akaishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa, akaitupa ndani ya jiko.

"Sahani zote hizi! Nilijua unachukia chakula yangu, nikalia, wallahi. We mutu gani? Mwanangu Idi atalala na we kule, mi nitaleta chakula. Na usifurahi, Idi anakoroma. Ukae."

Akampakulia sombe ya moto. Twahiru alikula polepole, maana kumeza kulimuuma, na Mwanne akazungumza bila kupumzika, juu ya bei ya mawese, juu ya Khadidja, juu ya wagonjwa wote aliowahi kuwauguza. Aliposhiba, koo likiwa limechoka kusema, Twahiru aliinua ngumi, kama wapagazi wanaosimamisha mzigo.

Mwanne hakuwahi kufika bandarini. Aliitazama ile ngumi, akachota upawa mwingine, akamwongezea.