Beseni la Mama Mkwe

Fundi mwashi alimwaga sakafu ya chumba cha mama mkwe wake Jumamosi jioni, akailainisha mpaka akaridhika, akalala usingizi wa pono. Asubuhi gari la kipaza sauti likapita mtaani: kwa sababu ya ukame, maji ya bomba ni ya kunywa, kupikia, kufulia na kuoga tu. Bustani marufuku, kuosha magari marufuku, ujenzi marufuku. Atakayekaidi atakatiwa.

Fundi akaenda kuitazama sakafu yake. Sakafu mpya ni kama mtoto mchanga, haina subira. Isiponyweshwa maji wiki nzima hupasuka, na ufa hauna siri. Tena hiki hakikuwa chumba tu. Mama mkwe aliwahi kutamka mbele ya ukoo mzima kwamba binti yake anaolewa na mtu anayewajengea wenzake huku yeye mwenyewe amepanga. Fundi aliyameza maneno hayo, lakini hayakushuka. Sasa nyumba ilikuwa yake, na mama alikuwa anakuja kukaa moja kwa moja.

Mkewe hakuona tatizo. Alimkumbusha kuwa maji yakishaogewa hayana mwenyewe, wala tangazo halikuyataja. Tangu siku hiyo wakaoga wamesimama ndani ya beseni, wakafulia humo humo, na kila tone likaenda kwenye magunia yaliyotandazwa juu ya sakafu. Povu halikuidhuru, kwani ilikuwa imeshashika. Majirani walimtania kwamba sakafu yake inanukia kuliko mwenyewe. Fundi alicheka nao, roho yake imetulia.

Kisha mama mkwe akafika kabla ya siku yake, maana kwao mabomba yalikuwa yamekauka kabisa. Binti yake akampokea, akamwonyesha bafu na beseni, akakimbilia kazini. Fundi akabaki na mkwewe nyumbani, kila mmoja akimkwepa mwenzake kwa heshima zote.

Jua lilipopanda, magunia yakaanza kukauka. Bafuni kulikuwa na beseni lililojaa maji aliyoogea mama. Fundi alilichungulia, akaondoka, akarudi. Mtu na akili zake abebe maji aliyoogea mama mkwe wake? Afadhali sakafu ipasuke. Lakini akiifikiria ikipasuka, moyo ulimuuma, na miguu ikamrudisha tena pale pale mlangoni.

Ndipo mama akatokea. Alimtazama yeye, akalitazama beseni, akaliinua. Fundi alinyoosha mikono ampokee, akasita, asijue pa kuiweka. Mama akampita, akausukuma mlango wa chumba kipya kwa goti.

"Mwanangu ameshanieleza," alisema. "Hiki chumba si changu?"

"Ni chako, mama."

"Basi kukinywesha ni kazi yangu. Au ulitaka kipasuke kwa ajili ya heshima?"

Akamwaga polepole, gunia baada ya gunia, bila kuruka kona. Kisha akainama, akafunua pembe ya gunia moja, akaipapasa saruji kwa kiganja. Hapakuwa na ufa hata mmoja.

"Yule aliyekusema siku ile alikuwa na haraka," alisema bila kugeuka. "Kesho nitaoga mapema, kabla jua halijawa kali."

"Ndiyo, mama," fundi akajibu. Akalipokea beseni tupu, akatoka nalo nje upesi, maana furaha ilikuwa imeshamfika machoni.