Goti la Wifi

Kila Jumanne saa tatu asubuhi muuguzi husogeza mabenchi ya zahanati ukutani, na wagonjwa wake wananyoosha mikono, wanazungusha mabega, kisha wanaketi wawili wawili. Mmoja husimulia kinachomuuma, mwenzake huandika. Hakuna anayejiandikia, maana mtu akijiandikia hujipendelea.

Maumivu hutoka kwa njia ya kalamu. Mgongo wa fundi cherehani ulitoka wiki ya pili, ukaacha doa la wino lenye joto. Kikohozi cha mlinzi kimebaki daftarini. Kikizidi, muuguzi huenda kubana mlango wa kabati la madaftari.

Goti la wifi tu ndilo lililogoma. Wifi hakusoma, kwa hiyo aliyemwandikia ni mjane wa kaka yake, mtu wa darasa la saba na wa kusali sana, mwenye mwandiko mzuri.

"Andika," wifi alisema. "Kaka hajatimiza mwezi kaburini, mtu mmoja akanitolea vitu nje, mvua inanyesha. Nikajitwika godoro, nikateleza, goti likaanzia hapo. Mtu mwenyewe usimtaje, wifi. Tusiaibishane."

Mjane akaandika: Nilihama mwenyewe, nikateleza.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

Wiki sita wifi alisimulia vilevile, na wiki sita mjane aliandika hivyohivyo.

"Bibi, hilo goti lako kaidi," mlinzi alimtania.

"Limekuona wewe, likaiga."

Watu wakacheka. Mjane alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Jumanne ya saba wifi aliingia ameshikiliwa huku na huku. Muuguzi akalipima goti kwa utepe, akasema mguu huo sasa hautakanyaga tena. Mjane akamwomba Mungu kimoyomoyo amponye dada wa watu kwa njia nyingine. Akangoja kidogo. Haikuja njia nyingine. Akaikata sentensi ya zamani, akaandika: Mtu aliyemtolea wifi vitu nje ni mimi. Nilikitaka chumba.

Goti likatoka. Lilikuwa zito, kalamu ilipinda na meza ikalia. Wifi akainuka, akachuchumaa mara tatu, akasema anasikia njaa.

"Leo umeandikaje, wifi?"

"Kama ulivyosema."

"Mungu akulipe. Mkono wako una baraka."

Muuguzi alilisoma daftari, akagonga muhuri, akalifungia kabatini.

Walirudi pamoja. Kwenye mlango wa mjane wifi akaaga, akapanda kilima kwa hatua za msichana, kwenda kwenye chumba anachopanga sasa, kinachovuja. Mjane alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Alikuwa amefumbua mdomo amwite.

Akaingia, akatia komeo. Katika chumba alichokuwa akilala wifi mna viti vinne vya plastiki, vimepachikwa kimoja juu ya kingine. Mjane akavishusha, akavifuta vumbi, akavirudisha kama vilivyokuwa.