Jumatatu na Alhamisi

Mimi Hanifa simwogopi mtu soko zima la Singida, waulizeni. Lakini mwaka ule tulioanza kuchangia matibabu, mama alinitia hofu mpaka nikawa nalala na kanga kiunoni, tayari kukimbia.

Mama ana ugonjwa wa sukari. Alishaanguka mara tatu: jasho, kutetemeka, maneno hayashikamani. Zahanati daktari anaandika tu, hainui kichwa. Mara vipimo, mara dripu. Mara ya tatu akasema vidonge sasa viwe viwili, akizidiwa tumpeleke Dodoma. Dodoma! Mama mdogo alipelekwa huko, akarudi kwenye sanda.

Alhamisi, nikiwa dukani napanga vitenge, jirani yetu Rahimu akaja mbio. "Hanifa, mama!" Niliacha duka wazi. Nikamkuta sakafuni, ananiita kwa jina la marehemu mdogo wake. Tukambeba mimi na Rahimu. Yarabi, usimchukue, sina mwingine.

Zahanati tulipokewa na nesi mgeni, Anastasia, Mnyaturu wa Mtinko. Nikamwambia hii ni mara ya nne.

"Dada, zile mara nyingine alianguka siku gani?"

"Mama anakufa, wewe unaniuliza siku?"

"Nisaidie tu."

Nikakumbuka. Jumatatu. Alhamisi. Jumatatu tena. Anastasia akainama, akamshika mama mkono.

"Shikamoo mama. Leo umekula?"

Akili ya mama ilikuwa ikienda na kurudi. Akanitazama, akageuza uso. "Nimefunga. Kila Jumatatu na Alhamisi nalipa siku za Ramadhani nilizougua. Vidonge nimemeza wakati wa daku. Viwili."

Viwili vya kushusha sukari, halafu mchana kutwa bila chakula! Na ni mimi niliyemwekea kwenye kisahani usiku, nikatoka alfajiri kwenda dukani. Namuua mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

"Sukari imeshuka mno," Anastasia akasema, ikaletwa chai yenye sukari nyingi. Mama akabana meno. Nikamfokea huku nalia, Anastasia akanisogeza pembeni.

"Mama, mimi Mkristo, nifundishe. Mgonjwa kwenu anaambiwaje?"

Jasho lilimtiririka shingoni.

"Asifunge," akasema. "Alishe maskini."

"Basi kunywa, mama. Kesho mtamlisha mtu."

Akafungua mdomo. Alikunywa kidogo kidogo, kikombe kizima, mpaka mikono ikaacha kutetemeka, akaniita Hanifa.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Akanitazama sana. "Hata wewe, mwanangu."