Nani Amepanga Majani

Habari ya dunia ya pili ilifika Litembo siku ya gulio, kwenye redio ya Swalehe mwenye duka, na kabla chumvi haijapimwa watu walikuwa wameshaanza kuigawana dunia hiyo. Redio ilisema wataalamu wa ng'ambo wameona, mbali huko kwenye nyota, dunia nyingine kama hii yetu, yenye maji, hewa na joto la kadiri. Mtu anaweza kuishi. Basi, mmoja akajichukulia bonde. Mwingine akaapa kupanda kahawa hukohuko, maana wale wanunuzi binafsi walioruhusiwa juzijuzi wangeifuata hata mbinguni. Binadamu bwana! Mwonyeshe ardhi, hata iwe juu ya mawingu, ataanza kuweka mipaka.

"Ina wenyewe?" aliuliza Emerensiana, mjane aliyekuja kununua sabuni.

Wakacheka. Aliyecheka zaidi alikuwa Mansuetus, mdogo wa marehemu mumewe. "Shemeji, ardhi isiyolimwa haina mwenyewe," alisema. "Anayefika akapanga majani, ndiye mwenyewe. Babu zetu waliupataje mlima huu?"

Kicheko kile kilimchoma, kwa sababu alijua kilikotoka. Tangu Pankras mumewe afariki, shamba lao la mteremkoni lilikuwa limelala, na Mansuetus alilitaka kwa kahawa yake. Wazee wa ukoo walikuwa wameshakata shauri: lisipochimbwa ngolo msimu huu wa maharage, linakwenda kwa shemeji. Na ngolo, yale mashimo yanayozuia udongo wa milima yetu usiteremke na mvua, si kazi ya mkono mmoja. Mwanamume hufyeka majani na kuyapanga miraba, mwanamke huchimba katikati na kuyafukia. Tena mwanamke akichimba penye majani ya mtu, amempokea mtu huyo shambani, na kumfukuza baadaye ni aibu isiyosemeka. Kila aliyemwomba ampangie alikuwa na udhuru: huyu mgongo, yule msiba. Walimwogopa Mansuetus, basi.

Asubuhi iliyofuata alipanda mteremkoni kuliaga shamba lake. Alilikuta limefyekwa lote.

Majani yalipangwa miraba kuanzia kileleni hadi kijitoni, miraba iliyolingana hata macho yakachoka kuitazama. Pembeni umande ulikuwa mzima, haujakanyagwa na mtu wala mbuzi. Aliokota unyasi mmoja. Haukukatwa kwa nyengo wala kwa panga. Pale ulipokatwa palikuwa pamefumba, laini, kama kitovu cha mtoto kilichopona. Hakuna ndege aliyelia. Emerensiana aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

Mansuetus alikuja akihema, maana mlimani habari haina breki. "Nani amekupangia majani?"

"Nilidhani ni wewe."

"Mimi ningekuja na mashahidi." Akaokota unyasi, akautazama, akautupa. Kisha akaufuta mkono wake kwenye suruali, akaufuta tena na tena. "Usichimbe, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Hujui unampokea nani."

"Nisipochimba, utaniachia shamba langu?"

Mansuetus alitazama chini. Hata katika hofu ile, mdomo wake ulishindwa kusema ndiyo.

Ndipo hasira ikampanda Emerensiana, ikaikalia hofu kichwani. Akashika jembe, akachimba. Udongo ulikuwa mwepesi mno, na wa vuguvugu, kama kiti alichotoka kukalia mtu. Kila aliposimama kunyoosha mgongo alihisi anatazamwa, si kwa chuki, bali kama mwenye kazi anavyomtazama kibarua wake. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Lakini alichimba, jua likapanda, likashuka, na jioni wazee wakaja, wakayaona mashimo, wakasema shamba ni lake. Walisema wakiwa wamesimama njiani. Hakuna aliyetia mguu ndani.

Kulipokucha alirudi na mbegu za maharage kwenye kikapu. Kutoka dukani kwa Swalehe, chini kule, redio ilisikika ikieleza kwamba wakubwa wa mataifa wanabishana ni nani atangulie kwenye ile dunia mpya, na nani apewe sehemu ipi. Emerensiana alifika kwenye ukingo wa mlima, ukungu ukafunuka.

Kilima cha pili kilikuwa kimefyekwa. Na cha tatu. Kahawa ya Mansuetus ilikuwa imelazwa chini, matawi kwa matawi, miraba mitupu. Milima yote kuelekea ziwani ilikuwa imepangwa majani, inasubiri wachimbaji.

Kwa hiyo na sisi tumeonekana, aliwaza. Na waliotuona hawakuuliza kama ina wenyewe.

Aliyatazama mashimo aliyoyachimba kwa mikono yake. Lakini mbegu zilikuwa kikapuni na msimu haungoji mtu. Akavua kandambili, akasimama kwenye mpaka wa shamba la mumewe, akapiga hodi. Kisha akangoja akaribishwe.